Jinsi ya kufuatilia mjadala wa FISA 702 kwenye Bunge la Marekani bila kupotezwa maboya

Kama una ndugu Marekani, au uko huko huko mwenyewe unabeba boksi, lazima umeshakutana na hii habari. Bunge lao linagombana kuhusu FISA, sheria yao ya kunasa mawasiliano kwa ajili ya ujasusi, na hasa Kifungu chake cha 702, mara wamepitisha, mara wamekwama, mara wameongeza miezi minne, kisha kimya, halafu baada ya miaka kadhaa kelele zinaanza upya kama vile hakuna kilichowahi kujadiliwa. Na sisi tunachofanya ni kuchukua kichwa cha habari na kukirusha kwenye magrupu, "Wamarekani wanasoma meseji zenu", basi imeisha hiyo.

Hapa nataka nikuonyeshe namna ya kuufuata huo mjadala mwenyewe, ujue nani anabishana na nani na kura gani ndiyo yenye maana. Nitatumia sana raundi ya Aprili 2024 kama mfano, kwa sababu kura zake zote ziko hadharani na pale ulichezwa kila aina ya mchezo.

Kitu kimoja kiweke kichwani toka mwanzo maana bila hicho hutaelewa kitu: mjadala wote huu hauhusu haki ya mtu aliyeko Tabora au Eldoret. Huyo hana mtetezi mle ndani, hata wale wabunge wanaoipinga sheria kwa nguvu zote hawamzungumzii yeye. Wanamgombania Mmarekani aliyekuwa anaongea naye.

Anza kwa kujua inaongelewa sehemu gani ya sheria

FISA yenyewe ni ya 1978. Miaka michache kabla yake kamati ya Seneta Frank Church ilikuwa imechimba mambo ya CIA, FBI na NSA (shirika lao la kunasa mawasiliano) ikakuta uozo, barua za raia zinafunguliwa, simu zinasikilizwa, mpaka Martin Luther King alikuwa anafuatiliwa. Ndipo Bunge likaweka mahakama maalumu ya siri, FISC, ambayo leo ina majaji 11 wanaoteuliwa na Jaji Mkuu wa Marekani. Kwa FISA ya kawaida, serikali ikitaka kumsikiliza mtu aliyeko ndani ya Marekani inampelekea jaji jina la mtu na sababu, jaji anakubali au anakataa, mtu mmoja mmoja.

Kifungu cha 702 ni mnyama mwingine kabisa. Baada ya Septemba 11 serikali ya Bush ilianza kunasa mawasiliano bila kupita mahakamani, gazeti la New York Times likalianika jambo hilo Desemba 2005, likazuka varangati, na mwisho wa yote Julai 2008 Bunge likatunga utaratibu mpya wa kuruhusu sehemu kubwa ya kazi hiyo kisheria. Utaratibu wenyewe ni huu: NSA inamchagua mtu ambaye si Mmarekani, aliyeko nje ya Marekani, anayedhaniwa kuwa na taarifa za kijasusi zinazotakiwa, halafu kampuni za Marekani, za barua pepe, za mitandao, za simu, zinalazimishwa kutoa mawasiliano yake. Jaji haoni jina la mtu hata mmoja. Anachofanya ni kupitia utaratibu mzima na kuupitisha, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, aina za taarifa zinazotafutwa na kanuni za kuzishika, basi.

Ukubwa wake? 2013 walengwa walikuwa elfu 89 na ushee. Kufikia 2024 walikuwa zaidi ya 290,000. Na hao ni walengwa tu, hujahesabu kila mtu aliyewatumia meseji.

Kwa nini nasisitiza utofautishe hizi sehemu mbili, kwa sababu wanasiasa wenyewe wanazichanganya, wengine kwa kutojua na wengine makusudi. Aprili 2024 Trump aliandika kwamba FISA iuawe, kwa herufi kubwa, akilalamika kwamba ilitumika dhidi yake. Kilichomuuma ni kesi ya Carter Page, mshauri wa kampeni yake ya 2016, na kwa kweli kule kulikuwa na madudu, mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria alitoa ripoti Desemba 2019 akaorodhesha makosa makubwa 17 kwenye maombi ya FBI. Lakini Page alisikilizwa kwa FISA ya kawaida, ile ya jaji na jina la mtu. Haikuwa 702. Kwa hiyo ukimsikia mbunge anataja Carter Page wakati mswada uliopo mezani ni wa 702, jua ama hajasoma ama anajua wewe hujasoma.

Jitafute uko fungu gani

Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanakosea, wanadhani kuna "raia" na "mgeni" basi. Sheria ina msemo wake wa "mtu wa Marekani", na humo ndani wamo raia, wamo wenye green card, zimo na kampuni zilizoandikishwa Marekani, na jumuiya ambazo sehemu kubwa ya wanachama wake ni watu hao. Sasa chukua familia moja ya mfano.

Dada yuko Columbus, Ohio, ana green card. Huyo ni mtu wa Marekani popote alipo, hata akirudi Arusha kula sikukuu wiki sita. Hawezi kulengwa kwa 702, akiwa nje wakimtaka lazima waende mahakamani kwa vifungu vingine.

Mdogo wake yuko Dallas anasoma kwa viza ya mwanafunzi. Huyo si mtu wa Marekani, ila akiwa amekanyaga ardhi ya Marekani hawezi kulengwa kwa 702, maana kigezo cha kwanza ni kuwa nje. Siku akipanda ndege kwenda likizo Arusha, ule ukuta umeanguka. Simu ni ile ile, akaunti ni ile ile, mtu ni yule yule, lakini kisheria kuanzia hapo anaweza kulengwa kama kuna anayeona ana taarifa za kijasusi.

Kaka mkubwa yuko Arusha, hajawahi hata kuomba viza. Huyo ni mgeni aliyeko nje, ndiye hasa mtu ambaye 702 imeandikwa kwa ajili yake. Haimaanishi wanamfuatilia, kaka anauza vipuri vya pikipiki, nani ana muda naye. Inamaanisha tu kwamba wakimtaka hakuna jaji atakayeulizwa kuhusu yeye.

Sasa tuseme, kwa sababu yoyote ile, kaka kawa mlengwa. Kila anachoandikiana na dada wa Columbus kupitia huduma ya kampuni ya Marekani kinaweza kuingia kwenye ghala la data la majasusi pamoja na vyake. Dada hakulengwa, amenaswa njiani tu. Na kumlenga kaka kwa janja ya kumpata dada ni marufuku, sheria imeandika hivyo wazi. Ila akishanaswa kihalali, ujumbe wake umo ghalani. Mjadala wote wa Bunge unaanzia hapo.

Kwa wale wanaodhani haya ni ya kinadharia, tuna mfano wa kwetu kabisa, wa kabla 702 haijazaliwa. Wadih el-Hage alikuwa raia wa Marekani anayeishi Nairobi miaka ya tisini. 1996 na 1997 simu zake pale Nairobi zilinaswa, na Agosti 1997 nyumba yake ikapekuliwa, bila kibali cha jaji wa Marekani. Baadaye alitiwa hatiani kwenye kesi ya milipuko ya balozi za Marekani ya Agosti 7, 1998, ile iliyoua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Alipokata rufaa mahakama ya New York ilisema mwaka 2008 kwamba nje ya Marekani kibali cha jaji si lazima hata kwa raia, mradi upekuzi uwe wa haki na kiasi. Mwaka huo huo ndipo Bunge likaweka sharti la kwenda mahakamani kabla ya kumlenga Mmarekani aliyeko nje kwa ajili ya ujasusi. Kwa hiyo raia wao anayeishi Nairobi leo ana kinga ambayo el-Hage hakuwa nayo. Jirani yake Mkenya waliyepakana ukuta hana.

Jua kinachogombaniwa: mlango wa uani

Ghala likishajaa, FBI, NSA na CIA wanaweza kulisaka. FBI wanapewa sehemu ndogo tu ya ghala, lakini ndio wenye mazoea ya kuandika jina la Mmarekani, au namba yake au imeili yake, na kuona kinachotoka. Bila jaji. Yaani yale maneno ya dada wa Columbus, ambayo serikali isingeweza kuyapata kwake moja kwa moja bila kibali, inayapata kupitia kwa kaka. Wapinzani wanaita mlango wa uani, serikali inasema huo ni usakaji tu wa kitu ambacho tayari kimepatikana kihalali, unasakaje kibali mara mbili kwa kitu kimoja.

Kama FBI wangekuwa na adabu na huo mlango pengine mjadala usingekuwa mkali hivi. Mei 2023 hukumu ya mahakama ya FISC iliwekwa hadharani ikionyesha walikuwa wamelisaka ghala kinyume na kanuni zao zaidi ya mara 278,000. Ndani yake kulikuwa na waandamanaji 133 waliokamatwa kipindi cha maandamano ya George Floyd, kulikuwa na watu wa Januari 6 (uvamizi wa Bunge la Marekani wa 2021), na kulikuwa na wachangiaji 19,000 wa mgombea mmoja wa ubunge, wote wamesakwa kwa mkupuo. Unaona hapo kwa nini kulia na kushoto wote walikasirika, kila upande ulikuta watu wake mle.

Baada ya hapo idadi imeshuka sana, FBI wenyewe wanaripoti misako ya Wamarekani kama 119,000 mwaka 2022, 57,000 mwaka 2023, na 5,500 hivi mwaka 2024. Wanaotetea sheria wanazitaja hizi namba kila dakika. Namba ni nzuri, sikatai, ila angalia kwamba ni FBI anayejihesabu mwenyewe, na kwamba namna ya kuhesabu imewahi kubadilishwa katikati.

Mahakamani nako hakujatulia. Kwenye kesi ya Hasbajrami, mtu aliyeshtakiwa kwa kusaidia ugaidi, jaji wa New York, LaShann DeArcy Hall, aliamua kwamba misako ya namna hiyo ilihitaji kibali, uamuzi wake ukawekwa wazi Januari 2025. Ni mahakama ya wilaya tu, hailazimishi nchi nzima, lakini tangu siku hiyo kila anayedai kibali anaitaja.

Usitafute vyama, tafuta kamati

Ukizoea siasa za Marekani za Democrat huku Republican kule, hapa utapotea. Kwenye 702 wanaodai kibali ni mseto wa ajabu, Ron Wyden wa kushoto yuko na Rand Paul na Mike Lee wa kulia, Pramila Jayapal anakaa upande mmoja na Andy Biggs, watu ambao kwingine kote hata salamu ni ya shida. Mstari halisi unapita kati ya kamati mbili. Raundi ya 2024 Kamati ya Sheria kwenye Baraza la Wawakilishi ilidai kibali, Kamati ya Ujasusi ikapinga, kwa hoja kwamba wao wameona ya siri na wenzao hawajaona.

Na watu wanahama, hilo nalo lifuatilie. Mike Johnson akiwa mjumbe wa Kamati ya Sheria alikuwa upande wa kibali, akawa Spika, akaenda kwenye vikao vya siri, akarudi anapinga. Tulsi Gabbard akiwa mbunge alipeleka mswada wa kukifuta hicho kifungu mwaka 2020, ilipofika Januari 2025 anagombea kuidhinishwa kuwa bosi wa ujasusi wa taifa akasema ni chombo muhimu. Binafsi siamini kwamba wote hao wanadanganya, kuna kitu kwenye zile siri kinachowatisha watu kweli. Lakini pia sijawahi kuona aliyepewa cheo cha kushika hicho chombo akataka kikatwe makali.

Jinsi ya kusoma kura, na hapa kaa vizuri

Mtu akikwambia "mbunge wako alipigia kura FISA" muulize kura ipi. Kwa kawaida zipo tatu na kila moja inasema kitu tofauti.

Ya kwanza ni kura ya utaratibu, ile ya kuamua mswada ujadiliwe vipi na marekebisho yapi yaruhusiwe. Inaboa, hakuna anayeiandika, lakini ndiyo inayoua. Aprili 10, 2024, masaa machache baada ya lile andiko la Trump, kura ya utaratibu ilianguka 193 kwa 228, Republican 19 wakamgeuka Spika wao. Mswada haukujadiliwa hata neno moja siku hiyo. Ili kuufufua ilibidi muda wa sheria upunguzwe toka miaka 5 mpaka miaka 2, makusudi kabisa ili uishe Trump akiwa madarakani kama angeshinda.

Ya pili ni kura ya marekebisho, na hii ndiyo inayokuonyesha mbunge ni nani. Aprili 12 Biggs alileta marekebisho ya kudai kibali cha jaji kabla ya kumsaka Mmarekani, yakiwa na vighairi vya dharura, vya mtu aliyeridhia mwenyewe, na baadhi ya mambo ya udukuzi wa kompyuta. Serikali ya Biden ikapinga kwa nguvu zote. Kura zikatoka 212 kwa 212. Sare pale ni kushindwa. Na Spika, ambaye kwa mazoea huwa hapigi kura, siku hiyo alipiga, alipiga hapana. Hebu fikiria, kura moja tu ikigeuka na leo tungekuwa tunaongelea sheria nyingine. Vyama vyote viwili vilipasuka katikati. Ukitaka kujua mbunge wa jimbo analoishi dada yako amesimama wapi kwenye hili, tafuta hiyo kura ya 212 kwa 212, achana na hotuba zake.

Ya tatu ni kura ya mwisho, nayo ilipita 273 kwa 147. Hii ndiyo inayoandikwa magazetini na ndiyo isiyokuambia kitu, kwa sababu wapo walioipigia ndiyo baada ya kupigania kibali wakashindwa, na wapo waliopiga hapana kwa kumfuata Trump tu.

Seneti ni vile vile, ila wao wana tabia ya kusubiri mpaka saa ya mwisho. 2024 sheria ilikuwa inaisha usiku wa Aprili 19. Wakaburuzana mpaka saa sita ikapita, marekebisho yakaletwa moja moja yakaangushwa, la Dick Durbin la kibali likaanguka 42 kwa 50, halafu usiku huo huo wakapitisha 60 kwa 34 na Biden akasaini siku hiyo hiyo ya Aprili 20.

Mchezo mwingine wa kuuangalia ni kuchomeka. Desemba 2023 walipoona muda unaisha na hawajakubaliana, waliiongezea 702 miezi minne ndani ya mswada wa bajeti ya ulinzi, ule ambao hakuna mbunge anataka kuonekana ameupinga maana una mishahara ya wanajeshi. Kwa hiyo wakati wa kelele za FISA usiangalie mswada wa FISA peke yake, angalia na ule mkubwa unaopita jirani yake.

Kura zote hizi ziko bure, za Wawakilishi kwenye clerk.house.gov, za Seneti kwenye senate.gov, na mswada wenyewe na marekebisho yake kwenye congress.gov. Namba ya mswada ndiyo ufunguo, ukishakuwa nayo huhitaji mchambuzi.

Pima hoja kwa swali moja

Serikali inapotaka 702 iongezwe inatoa mifano iliyofunguliwa toka kwenye siri. Utasikia Najibullah Zazi aliyetaka kulipua treni za chini New York 2009. Utasikia Ayman al-Zawahiri, aliyeuawa Kabul Julai 2022, na huyu anatuhusu maana alikuwa ameshtakiwa New York kwa ile ya Nairobi na Dar. Utasikia wadukuzi wa bomba la mafuta la Colonial 2021. Mifano ni ya kweli na ni mizito.

Swali la kujiuliza kila ukisikia mfano: je hapa kilichosaidia ni kumlenga mgeni aliyeko nje, au ni kumsaka Mmarekani ghalani bila jaji? Maana la kwanza karibu hakuna anayelipinga mle Bungeni, hata Wyden hapingi. Kinachobishaniwa ni la pili. Zawahiri ni mfano wa la kwanza, kumtaja kwenye ubishi wa kibali ni kuhamisha goli. Ile bodi ya faragha ya serikali, PCLOB, iligawanyika 3 kwa 2 kwenye ripoti yake ya Septemba 2023, watatu wakisema mahakama iidhinishe misako ya Wamarekani na wawili wakikataa, ndio ujue hata wenye ruhusa ya kuona ya siri hawakubaliani. Januari 2025 wajumbe watatu wa hiyo bodi walifukuzwa kazi na Trump, akabaki mmoja.

Ila na upande wa kibali nao wabane. Hoja nzito kuliko zote ya serikali inahusu waathirika: mtu ambaye majasusi wa nje wanapanga kumdukua au kumteka, FBI inamsaka ili imuonye. Huwezi kumpelekea jaji ushahidi kwamba mwathirika ana hatia, hana hatia. Ukimsikia mdai kibali anaruka hapo bila kueleza kighairi chake kinafanyaje kazi, naye anakuuzia.

Soma maandishi madogo, hapo ndipo tumefichwa sisi

Wakati watu wanagombania kibali, mambo mawili ya sheria ya 2024 yalipita kirahisi na yote yanatugusa.

Moja ni maana mpya ya kampuni zinazoweza kulazimishwa kutoa mawasiliano. Zamani ilikuwa watoa huduma za mawasiliano wanaofahamika, sasa imeongezwa kila mtoa huduma mwenye uwezo wa kufikia vifaa vinavyopitisha au kuhifadhi mawasiliano. Ruta ni kifaa. Seva ni kifaa. Wakaweka vighairi vya nyumba za kuishi, hoteli, vituo vya jamii na sehemu za chakula, na serikali ikaahidi itaitumia kwa aina moja tu ya watoa huduma, ambao magazeti yaliripoti ni data senta, lakini haikuandikwa hivyo. Wyden alijaribu kuiondoa akashindwa 34 kwa 58, Seneta Mark Warner akaahidi itarekebishwa baadaye. Ahadi za Seneti za usiku wa manane ziandike na tarehe, uwe unazirudia raundi inayofuata uone.

La pili ni viza. Sheria iliweka njia ya kutumia ghala la 702 kuwachuja wageni wote wanaoomba kuingia Marekani. Wote, yaani mama anayekwenda kulea mjukuu Minneapolis, kijana aliyepata nafasi ya chuo, wote jina linaweza kupitishwa ghalani kabla ya muhuri. Kwa watu wa kwetu hili lina uzito kuliko mjadala mzima wa kibali, na sikuona likijadiliwa kwenye grupu lolote.

Halafu kuna la malalamiko. Tangu amri ya rais ya Oktoba 2022 mtu wa Ujerumani au Uingereza anayeona amenaswa kinyume cha sheria ana njia ya kulalamika mpaka kwenye mahakama maalumu ya kupitia data, kwa sababu Ulaya ilikaza, mahakama yao ilishavunja makubaliano ya data mwaka 2020 kwa sababu ya hii hii 702. Kenya na Tanzania haziko kwenye orodha ya nchi zilizopewa hiyo njia. Ndugu zetu mlioko Berlin au London hiyo njia mnayo kupitia huko mliko, itumieni.

Usitishwe na tarehe ya mwisho

Kila raundi utasikia "usiku wa leo Marekani inakuwa kipofu". Tulia. Ule utaratibu unaopitishwa na mahakama ya FISC unadumu mwaka mzima, na sheria inaruhusu uliokwisha kupitishwa uendelee mpaka muda wake uishe hata kama kifungu chenyewe kimeisha. Mwaka 2024 mahakama ilipitisha upya mapema Aprili, kabla ya tarehe kufika, kwa hiyo kiza kilikuwa kimeshaahirishwa mpaka 2025. Hofu ya kweli ya serikali ni kwamba kampuni fulani ingegoma na kwenda kudai mahakamani kwamba hailazimiki tena. Hofu hiyo ina msingi, ila si kipofu wa usiku mmoja. Sheria ya 2024 ilipewa mpaka Aprili 2026, na haraka ya tarehe ndiyo silaha kubwa ya wasiotaka marekebisho, kwa hiyo anza kufuatilia miezi sita kabla, kwenye vikao vya kamati, maana ukisubiri wiki ya mwisho utakuta mambo yameshapikwa.

Ukitaka kupiga simu

Hii ni kwa mlioko Marekani. Huna haja ya kuwa raia ili kumpigia mbunge wa eneo lako, green card au mkimbizi au mwanafunzi wote mnakaa jimboni kwake. Namba ya jengo la Bunge ni 202-224-3121, unataja jimbo lako wanakuunganisha. Una watu watatu: mbunge mmoja wa Wawakilishi na maseneta wawili. Atapokea kijana wa ofisini, atakuuliza jina na namba ya posta ya mtaa wako, basi. Usihutubie. Sema namba ya mswada, sema unataka apige kura ndiyo au hapana kwenye marekebisho gani, sema sentensi moja ya kwa nini inakugusa, mfano kwamba familia yako iko nje na kila siku mnawasiliana. Dakika mbili zinatosha. Kijana anaweka alama kwenye jedwali, na hayo majedwali bosi wake anaonyeshwa.

Piga kabla ya kura ya utaratibu, maana hapo ndipo inaamuliwa marekebisho yapi yatafika ukumbini. Ukiwa umechelewa, piga ya marekebisho. Ya mwisho usijisumbue sana.

Kura zikiisha usiondoke. Kila mwaka, kwa kawaida kwenye Aprili au Mei, ofisi ya mkurugenzi wa ujasusi wa taifa inatoa ripoti yake ya uwazi yenye idadi ya walengwa na idadi ya misako. Fungua jedwali la 702, linganisha na mwaka uliopita, na usome tanbihi za chini kwanza, maana wakibadilisha namna ya kuhesabu wanaandika pale.